Nukta Iko kwa Mstari ama Haiko

Kuna aina ya mtu huniandikia kila nikiposti kitu kuhusu kuacha chuo. Anaanza na pongezi. Ati mimi niliona mbele, ati shule ni biashara tu, kisha anamalizia na ile sentensi ambayo nadhani tungeiweka kwa wimbo wa taifa: "Kwani ni lini mtu ametumia x na y kwa maisha?" Halafu anangoja nimgongee tano.

Zii. Kwanza, sikuacha chuo kwa sababu niliona mbele. Niliacha nikiwa mwaka wa pili kwa sababu karo iliisha, na karo ikiisha hakuna falsafa hapo. Pili, hiyo x na y mimi naitumia. Na kama ningeombwa nichague kitu kimoja cha hesabu ambacho kila msee wa rika langu akumbuke, singechagua zile ngumu za kutisha watu. Ningechagua kale kadogo ka kidato cha pili, ka alama mbili kwa mtihani, ambako watu hupita wakienda kutafuta maswali makubwa: je, nukta hii iko kwa huu mstari?

Kama siku hiyo ulikuwa umelala, hii hapa tena. Mstari mnyoofu una mlinganyo wake. Tuseme y = 3x − 2. Huo mlinganyo ni kama bausa wa mlango: una sheria moja na haujali umevaa nini. Nukta inakuja na namba mbili, ya kwanza ni x, ya pili ni y. Inakuja (7, 19). Unachukua 7 unaiweka mahali pa x. 3 mara 7 ni 21, toa 2, unabaki na 19. Nukta yenyewe ilisema y yake ni 19. Ingia. Inakuja nyingine, (15, 42). 3 mara 15 ni 45, toa 2, ni 43. Yenyewe imesema 42. Rudi nyumbani.

Imeisha. Hakuna kuchora, hakuna kikokotoo cha bei. Unatia namba, unaangalia kama pande mbili zimelingana. Na kitu napenda ni kwamba "imekaribia" haipo hapo. 42 na 43 ni majirani, lakini mlango haujui ujirani.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na chuki na neno "inaonekana". Alitupatia mfano kama huo, akatuambia tuchore kwa karatasi ya grafu, milimita moja kwa kila kimoja. Tukachora. Darasa zima likasema nukta iko kwa mstari, na kwa macho ilikuwa hapo kweli. Mstari wenyewe unapanda kwa kasi, kwa hivyo ukipima kimshazari, nukta iko mbali nao kama theluthi moja ya milimita. Penseli ya mwanafunzi wa boarding, ile ameinoa kwa wembe, inachora mstari mnene kuliko hiyo nafasi. Akacheka sana. Akatuambia tuache penseli tutie namba. Ndio siku nilielewa kwamba kuna ukweli ambao jicho haliwezi kuuona lakini mtoto wa miaka kumi na tano anaweza kuupata kwa kuzidisha na kutoa.

(Kwa wale wa historia: Mfaransa mmoja, René Descartes, alichapisha kitabu mwaka 1637 kilichounganisha michoro ya jiometri na herufi za aljebra. Mwenzake Pierre de Fermat alikuwa amefikia wazo hilohilo kivyake, wakati uleule. Kabla ya hapo, ukitaka kujua mambo ya mstari, ulishika rula na bikari. Baada ya hapo mstari ukawa sentensi, na sentensi unaweza kuiuliza swali.)

Sasa nikuambie kwa nini nimeamka na hii stori.

Binamu yangu ni wa nduthi, ako kwa steji moja Kayole. Pikipiki yake ni ya mkopo. Mkataba niliusoma mwenyewe, karatasi nne zimepigwa stepla: malipo ya kuanzia 20,000, halafu 450 kila siku kwa siku 540, kila malipo yaingie kabla ya saa sita usiku. Piga hesabu: 450 mara 540 ni 243,000.

Huo ni mstari. Yeye hajui ni mstari, kampuni haisemi ni mstari, lakini kitu chochote kinachoshuka kwa kiasi kilekile kila siku ni mstari mnyoofu, upende usipende. Weka siku kwa x, weka deni lililobaki kwa y, unapata:

y = 243,000 − 450x

Hiyo 243,000 ndiyo mahali mstari unaanzia, siku ya sifuri, kabla hajatoa hata bob. Hiyo 450 ndiyo mteremko, shuleni tuliita gradienti, na iko na alama ya kutoa kwa sababu deni linateremka. Siku ya 540 unatia 540 mahali pa x na y inakuwa sifuri. Pikipiki ni yako.

Asubuhi ya siku ya 201 akanipigia. "Buda, wamenizima."

Kama hujui, pikipiki nyingi za mkopo zina kakifaa kamefichwa ndani, na kampuni inaweza kuizima ikiwa mbali, vile unazima taa. Unapiga starter, kimya. Alikuwa ameenda kuchukua mteja wake wa kila asubuhi, akabaki amesimama kando ya pikipiki kama mtu amesimamishwa na karao. Kwa app yao iliandikwa: salio 161,400, malimbikizo 8,400, lipa ili uendelee.

"Kwani uliruka siku ngapi?" nikamuuliza.

"Hata moja. Hata ile siku mathe alilazwa nililipa. We niulize steji yote."

Mimi nampenda binamu yangu, lakini mapenzi si ushahidi. Ningemwamini, kampuni ingeamini sistimu yake, na tungekuwa wawili kwa wawili. Nikachukua kalamu. Siku 200 tayari zimeisha, kwa hivyo x ni 200. 450 mara 200 ni 90,000. Toa kwa 243,000. Unabaki na 153,000.

App inasema 161,400. Nukta (200, 161,400) haiko kwa mstari. Iko juu yake kwa 8,400.

Hapo mtu anaweza kusema: sawa, si ndio hayo malimbikizo, ameruka siku. Lakini angalia. Mtu akiruka siku, anakosa 450 kamili. Akiruka mbili, 900. Nukta yake inaweza kuwa juu ya mstari, lakini kwa hatua za 450 tu. Gawanya 8,400 kwa 450. Unapata 18, inabaki 300. Hakuna mtu anaweza kuruka siku kumi na nane na kipande. Kwa hivyo hata kabla sijafungua M-Pesa ya mtu, nilijua hizo pesa si za kuruka siku. Ni kitu kingine.

Nikamwambia anitumie zile SMS zote za salio. Watu wa nduthi hawafuti SMS za mkopo, hiyo nimejifunza. Nikaandika siku na salio, nikaanza kutia moja moja.

Siku ya 30, salio 229,500. Iko kwa mstari. Siku ya 60, 216,000. Iko. Siku ya 90, 202,500. Iko. Siku ya 120, 189,000. Iko, bila hata shilingi ya ziada.

Siku ya 150, salio 178,500. Mstari unasema 175,500. Haiko, imezidi kwa 3,000. Siku ya 180, salio 168,900, mstari unasema 162,000. Imezidi kwa 6,900. Siku ya 200 unajua, 8,400.

Angalia hizo tatu: 3,000, 6,900, 8,400. Zote zinagawanyika kwa 300 na hakuna kinachobaki. Kumi, ishirini na tatu, ishirini na nane. Nilikaa nikaangalia hiyo karatasi nikasikia baridi kidogo. Kuna kitu cha 300 kilianza kumuuma mahali fulani baada ya siku ya 120, na kilikuwa kimemuuma mara ishirini na nane.

Tukachukua taarifa yake ya M-Pesa, ile ndefu. Malipo 200, kila moja 450, jumla 90,000. Yeye alikuwa amesema ukweli. Kisha nikaangalia saa. Binamu hubeba watu hadi saa tano usiku, analipa akifika kwa nyumba. Kuanzia siku ya 131, malipo yaliyoingia baada ya saa mbili usiku yalikuwa mangapi? Ishirini na nane. Tukarudi kwa app, tukachimba kwa zile arifa za zamani hakuna mtu husoma, na hapo ikawa: kuanzia tarehe fulani, atakayelipa baada ya saa mbili usiku atatozwa 300. Tarehe hiyo ilikuwa siku yake ya 131.

Mkataba aliotia sahihi unasema saa sita usiku. Hakutia sahihi ingine.

Tulienda ofisini kwao siku ya 203. Dada wa kaunta alikuwa mpole, sitaki kumsema vibaya, alisoma simu akasema kile kila mtu hufundishwa kusema: "Sistimu ndio inasema hivyo." Binamu akaanza kupandisha sauti, nikamshika mkono. Nikaweka karatasi kwa meza. Nikamwambia, "Madam, hii ni mkataba wenu. Hizi ni SMS zenu. Hadi siku ya 120 sistimu yenu na mkataba wenu zinaongea lugha moja. Kuanzia 131 zinaongea mbili. Tafadhali tuonyeshe ni wapi tulikubaliana na hiyo ya pili."

Alitia namba mbili mwenyewe na kikokotoo cha simu yake. Kisha akainuka akaita mkubwa wake. Mkubwa akasoma, akaenda ndani, akakaa kama dakika arobaini, akarudi akasema ni "hitilafu". Jioni hiyo salio likarudi 153,000 na pikipiki ikawaka.

Watu wameniuliza mbona sikurekodi, ati hiyo ingeenda mbali sana. Kwa sababu binamu yangu alitaka pikipiki, hakutaka watazamaji. Na kusema ukweli hakukuwa na drama ya kurekodi. Ilikuwa ni kutoa na kuzidisha kwa upande wa nyuma wa risiti ya supamaketi.

Lakini usidhani nimekuja kukuuzia aljebra kama dawa ya mitishamba inayotibu kila kitu. Kuna mambo mawili lazima niyaseme, na la kwanza linauma.

Kuwa kwa mstari si kusema mstari ni mzuri. Ile pikipiki, siku aliyoichukua, dukani kwa pesa taslimu ilikuwa 168,000. Yeye akimaliza atakuwa ametoa 263,000 pamoja na zile za kuanzia. Kila siku anayolipa nukta yake itakaa kwa mstari vizuri kabisa, na kila siku huo mstari unamkamua. Kutia namba kunakuambia kama makubaliano yanafuatwa. Kama makubaliano yenyewe ni haki, hilo ni swali la siku ya sifuri, kabla hujatia sahihi, na siku hiyo hakuna mtu alikuwa na kalamu.

La pili ni kwamba si kila kitu ni mstari. Ada ya kutuma pesa kwa simu haiendi kwa mstari, inapanda kama ngazi: unakaa kwa kiwango kimoja, ukivuka shilingi moja unaruka kwa kingine. Mkopo ambao riba yake inazaa riba unapinda. Ukishika mlinganyo wa mstari ukapimia vitu kama hivyo, nukta zitakataa na utaenda kugombana na mtu wa kibanda bure. Kwanza uliza: hiki kitu kinaongezeka kwa kiasi kilekile kila hatua? Kama hapana, weka kalamu chini, tafuta sheria yake.

Na kuna ujanja mwingine, huu unahusu sisi wa mitandaoni zaidi ya watu wa nduthi. Nukta mbili. Nipe nukta mbili zozote duniani, nitakuchorea mstari unaopita kwa zote mbili. Zozote. Si kwa sababu kuna ukweli hapo, ni kwa sababu nukta mbili tofauti hazina namna ya kukataa. Mwaka wangu wa kwanza kwa hii kazi nilikuwa na wafuasi 1,200 mwisho wa Januari, na 4,200 mwisho wa Februari. Jamaa mmoja anayejiita kocha akanipigia, akaniambia niko na ukuaji wa 3,000 kwa mwezi, Desemba nitakuwa na 34,200, nimlipe tu 15,000 anishike mkono. Na hesabu yake ilikuwa sawa kabisa! y = 3,000x − 1,800. Tia 1, unapata 1,200. Tia 2, unapata 4,200. Tia 12, unapata 34,200.

Nikamwambia wacha tungoje Machi. Akakasirika, ati sina imani na ndoto zangu. Mstari wake ulitaka 7,200. Machi iliisha nikiwa na 4,650.

Nukta ya tatu ndiyo ya kwanza yenye uwezo wa kusema hapana. Ukiona mtu anakuonyesha mbili tu, za "nilianza hapa" na "sasa niko hapa", iwe ni kozi, iwe ni forex, iwe ni shamba la sungura, muulize ya tatu. Ukikosa kuipata, hujaonyeshwa kitu.

Ndiyo maana mwaka 2025, watu walipobishana kama hesabu iwe ya hiari kwa sekondari ya juu ya mtaala mpya, mpaka serikali ikasema kila mwanafunzi atasoma hesabu ya namna fulani, mimi nilikuwa upande wa lazima. Mimi, niliyeacha chuo. Wafuasi wangu walishangaa. Lakini sijawahi kukutana na tapeli anayeogopa mtu aliyehitimu. Wanawapenda hao, wana mshahara. Anayewasumbua ni yule anayesema "ngoja kidogo" na kutoa kalamu.

Sasa steji ya binamu imenigeuza karani. Zile siku tatu pikipiki ilizimwa, kampuni inataka azilipe, 1,350. Yeye anasema angelipaje na walikuwa wamemkalia kazi, na hapo aljebra imenyamaza, hiyo ni ya watu kukaa chini na kuongea. Bado wanaongea.

Jana jioni mwingine amenikalisha kando ya mama wa chapo na simu yake. Mkataba wake ni 430 kwa siku, siku 540, kwa hivyo ameanza na 232,200. Yuko siku ya 97, hajaruka. Mstari unasema 190,490. App inasema 191,100. Tofauti ni 610. Haigawanyiki kwa 430, haigawanyiki kwa 300. Ukitoa 430 inabaki 180. Amesema leo ataniletea SMS zake zote, na nimemwambia asifute hata moja.